Kitenzi Unakijua, Sentensi Huielewi: Utatuzi wa Matatizo ya Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili

Mtu aliyesoma Kiingereza hadi kidato cha nne hapa Mwanza huwa na akiba nzuri ya vitenzi. Anajua "put", anajua "take", anajua "get" na "look", na hata ukimwamsha usiku wa manane atakutajia maana zake bila kusita. Shida huanza pale kitenzi hicho kinapofuatwa na kijineno kama "up", "off", "out" au "through", kwa sababu maana aliyoizoea hutoweka ghafla na maana nyingine kabisa hukaa mahali pake. Walimu wetu huviita vitenzi hivi fresal vebu. Katika mwongozo huu nitaviita vitenzi vya maneno mawili, ingawa vingine vina matatu, na hicho kinachokifuata kitenzi nitakiita kijineno.

Mwongozo unakwenda kwa dalili, hivyo msomaji anaweza kuruka hadi kwenye ile inayomsumbua. Hata hivyo, dalili nyingi zina chanzo kimoja, na ni vyema kukitaja mapema. Kiswahili huweka mwelekeo wa tendo ndani ya kitenzi chenyewe: ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi. Kiingereza cha kila siku huchukua kitenzi chepesi kisichosema mengi, kisha huiacha habari yenyewe kwenye kijineno: "go in", "go out", "go up", "go down", "go across", "go back". Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy anajulikana kwa kuzigawa lugha kwa kigezo hicho hicho, yaani lugha zinazobeba njia ya mwendo katika kitenzi na zile zinazoibeba pembeni yake, na Kiingereza kimo katika kundi la pili. Sisi tuliozoea Kiswahili husikiliza kitenzi kwa makini na kukiacha kijineno kipite, ilhali Mwingereza anayezungumza nasi ameweka jambo lake lote pale pale tulipoacha kusikiliza.

Dalili: kila neno unalielewa, lakini ujumbe mzima huuelewi

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa samaki wa Mwaloni, Kirumba, anayemsubiri mnunuzi aliyekwenda visiwani kwa boti na asiyejua Kiswahili. Jioni anapokea ujumbe huu kwenye simu: "The engine gave out, so we put in at Nansio. We'll set off when the wind dies down. Please hold off on the ice." Hakuna neno hata moja humo ambalo hakulisoma shuleni. Akiutafsiri neno kwa neno, injini imetoa kitu nje, watu wameweka kitu ndani ya Nansio, upepo unakufa, na yeye ameombwa ashike barafu. Kwa kuwa "hold" ni kushika, anakwenda kununua barafu na kuijaza kwenye kreti, nayo inayeyuka usiku kucha bila samaki.

Ujumbe ulikuwa unasema hivi: injini imetufia, kwa hiyo tumetia nanga Nansio, tutaondoka upepo ukitulia, tafadhali usinunue barafu kwanza. "Hold" peke yake ni kushika, lakini "hold off" ni kujizuia usifanye jambo kwa sasa. Kijineno kimoja kimeigeuza amri.

Chanzo cha hitilafu hii ni kukigawa kitenzi kisichogawanyika. Tiba yake tunayo katika lugha yetu wenyewe, ila hatujaizoea kuiona. Hakuna Mswahili anayesikia "endelea" akafikiri kuhusu kwenda kwa ajili ya mtu, ingawa kitenzi hicho kimenyambuliwa kutoka "enda". Vivyo hivyo, "shikilia" si "shika" tu, na "tupilia mbali" ni zaidi ya "tupa". Mkia wa kitenzi umebadilisha maana, nasi tunaipokea nzima bila kuuliza kila kipande kinasema nini. Kijineno cha Kiingereza ni mkia wa aina hiyo hiyo, ila huandikwa kando. "Go on" ni endelea, "hold on" ni shikilia au subiri kidogo, "throw away" ni tupa moja kwa moja. Kwa hiyo unapoandika msamiati kwenye daftari, usiweke "hold" katika mstari mmoja na maana kumi mbele yake. Andika "hold on" peke yake, "hold off" peke yake na "hold up" peke yake, kila kimoja kama kitenzi kipya kinachojitegemea.

Dalili: umejifunza maana moja, lakini haiingii mahali popote

Mwanafunzi amekariri kwamba "take off" ni kupaa, kwa kuwa amezoea kusikia habari za ndege za uwanja wa Mwanza, kisha anaambiwa mlangoni "take off your shoes". Viatu havipai. Hapa chanzo si kugawa kitenzi bali ni kukipa maana moja tu. Dawa ni kuuliza maswali mawili kabla ya kutafsiri: nani anayetenda, na anakitenda nini? Ndege ikiwa mtendaji na hakuna kinachotendwa, "take off" ni kupaa. Mtu akiwa mtendaji na nguo ikiwa inayotendwa, ni kuvua. Mtu na siku, kama katika "I took Friday off", ni kuchukua mapumziko. Biashara ikiwa mtendaji, ni kushamiri kwa kasi.

"Go off" ni mfano mgumu zaidi, na mtu yeyote anayefanya kazi na samaki anapaswa kuujua. Kengele ya saa ikifanya hivyo, imeanza kulia. Taa ikifanya hivyo, imezimika. Sato au sangara akifanya hivyo, ameoza: "This fish has gone off." Kitu kimoja kinaanza, cha pili kinakoma, cha tatu kinaharibika, na wote watatu wametumia maneno yale yale. Anayeangalia mtendaji hapotei. Anayeangalia kitenzi hupotea kila mara. "Pick up" nayo inafuata njia hiyo: unapokea simu, unamfuata abiria, unaokota lugha mtaani bila kufundishwa, biashara inachangamka, na upepo wa ziwani unazidi nguvu.

Vijineno vyenyewe vina mazoea fulani yanayosaidia kubahatisha. "Up" mara nyingi humaanisha kufanya jambo hadi likamilike: "use up" ni kutumia chote, "drink up" ni kunywa hadi kumaliza, "dry up" ni kukauka kabisa. "Out" mara nyingi hubeba kuisha au kugawanywa, kama katika "run out" na "hand out". "On" hubeba kuendelea, "off" kutengana au kukoma, "back" kurejea, na "down" kupungua. Ni mazoea tu, si sheria. Nyumba iliyoteketea kabisa inaweza kuelezwa kwa "burn down", karatasi iliyoteketea kabisa kwa "burn up", na fomu huweza kujazwa kwa "fill in" au "fill out" bila tofauti ya maana. Anayetegemea mazoea haya peke yake atakwama hapo, kwa hiyo yatumie kubahatisha, kisha thibitisha kwenye kamusi.

Dalili: "I will pick up you"

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi katika maandishi, na lina maelezo mazuri kuliko yale ya vitabuni yanayosema tu kwamba kiwakilishi hukaa katikati.

Kwanza kanuni yenyewe. Kitenzi kama "pick up" kikifuatwa na jina la kitu, kitu hicho kinaweza kukaa baada ya kijineno au kabla yake: "pick up the phone" na "pick the phone up" zote ni sahihi. Kikifuatwa na kiwakilishi, kiwakilishi hicho lazima kiingie katikati: "pick it up", "pick me up", "pick them up". "Pick up it" haikubaliki hata kidogo.

Sasa tazama Kiswahili. Tunasema "nitapokea simu", na jina liko nje ya kitenzi. Tukikwisha kuitaja simu hiyo, tunasema "nitaipokea", na kile kisilabi "i" kimeingia ndani ya kitenzi, kabla ya mzizi. Jina zito hubaki nje, kiwakilishi chepesi humezwa ndani. Kiingereza nacho kinafanya hivyo hivyo kwa vitenzi vya aina hii, kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hana haja ya kukariri kanuni ngeni. Anahitaji tu kuhisi kwamba "pick" na "up" ni kitenzi kimoja na kwamba "it" inakaa tumboni mwake. Kadhalika, kitu kikiwa kirefu sana hakiwezi kumezwa. "Pick up the passengers who are waiting at Buzuruga" inasomeka vizuri, lakini ukiwabana abiria hao wote wa Buzuruga katikati, msomaji atakuwa amesahau "pick" kabla hajafika kwenye "up".

Tatizo ni kwamba si vitenzi vyote vya maneno mawili vinavyokubali kupasuliwa. "Look after", yaani kutunza, hakipasuki: ni "look after the child" na "look after him", kamwe si "look him after". "Look for", "look at" na "look into" ni vivyo hivyo. Vile vya maneno matatu, kama "put up with" kwa maana ya kuvumilia, "run out of" kwa kuishiwa na "catch up with" kwa kufikia aliyetangulia, hukaa na kitu chake mwishoni daima: "put up with it".

Utajuaje kipi kinapasuka? Njia ya uhakika ni kamusi ya wanafunzi, na si kamusi yoyote ya mfukoni. Kamusi hizo huorodhesha vitenzi hivi mwishoni mwa kidahizo, yaani maelezo, cha kitenzi kikuu, na huonyesha kitu kinakaa wapi. Ukikuta kitu kimeandikwa katikati, kama "pick something up", kitenzi kinapasuka. Ukikikuta mwishoni tu, kama "look after somebody", hakipasuki. Baadhi huweka mshale wenye ncha mbili kuonyesha kwamba kitu kinaweza kuhama. Njia ya pili ni sikio. Katika "pick it up", mkazo mzito uko kwenye "up". Katika "look at it", mkazo uko kwenye "look" na "at" inapita kama pumzi. Mara nyingi kijineno kinachobeba mkazo ndicho kinachokubali kutanguliwa na kiwakilishi, ingawa hapa pia kamusi ndiyo yenye neno la mwisho.

Dalili: kijineno kimepotea

"Pick me at Nyegezi stand at four." Kila mtu wa Afrika Mashariki anaielewa sentensi hii. Mtu wa nje ataielewa pia kwa sababu ya muktadha, lakini ukimwandikia tu "I will pick you", atasoma kwamba umemchagua. Chanzo kiko wazi: kwetu ni neno moja, chukua au fuata, kwa hiyo tunatafuta neno moja la Kiingereza na kuridhika nalo. Kumfuata mtu kwa gari ni "pick up", kama vile kutupa takataka ni "throw away", kwani "throw" peke yake ni kurusha. Fomu hujazwa kwa "fill in", na taa huzimwa kwa "turn off" au "switch off". "Put off the light" imezoeleka kwetu na haina hatari, ila kwa wengi "put off" ni kuahirisha. "Off the light", isiyo na kitenzi kabisa, haifai kuandikwa.

Kijineno hupotea zaidi katika kauli ya kutendwa. Mwanafunzi anayeandika vizuri "My grandmother looked after me" huigeuza kuwa "I was looked by my grandmother", na sasa bibi anamtazama tu, hamlei. Kitenzi kinapogeuzwa, kijineno hugeuka nacho: "I was looked after by my grandmother." Vijineno viwili vinakaa bega kwa bega, jambo linaloonekana kama kosa kwa macho yetu lakini ndivyo inavyotakiwa.

Dalili ya kinyume: kijineno kimezidi

Hapa orodha ni fupi na inajulikana. "Cope up with" imezaliwa na "keep up with"; kilicho sahihi ni "cope with". "Discuss about" imezaliwa na kujadiliana kuhusu. "Discuss" huchukua jambo moja kwa moja. "Return back" inarudisha mara mbili. "Result into" inapaswa kuwa "result in". Sioni sababu ya kumcheka anayezungumza hivi kati yetu, kwani hiki ni Kiingereza cha ukanda wetu na kinaeleweka vizuri kutoka Kampala hadi Dodoma, lakini msahihishaji wa mtihani atazikata alama, na mhariri wa nje ataziweka wino mwekundu.

Dalili: kupanda na kushuka

Kiswahili hupanda kila chombo na kushuka kila chombo. Kiingereza huuliza kwanza ni chombo gani. Daladala, meli, kivuko, bodaboda na ndege ni "get on" na "get off". Teksi, bajaji na mtumbwi ni "get in" na "get out of". Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia kama mgongo wa punda, ni cha "on"; kile unachoinama kuingia na kukaa moja kwa moja ni cha "in". "Alight", tunayoisoma kwenye matangazo ya vyombo vya usafiri, ni neno la maandishi rasmi, na mtu akilisema kwa dereva wa basi wa London atatazamwa mara mbili.

Dalili: hujui nani ameisha, mafuta au wewe

Kwenye boti iliyozima katikati ya ziwa, watu husema kwa Kiingereza "The fuel is finished". Inaeleweka, lakini msemaji wa Kiingereza kwa kawaida angetumia "run out", na hapo ndipo sentensi huvurugika. Kiswahili kina vitenzi viwili: mafuta yameisha, na sisi tumeishiwa. Kiingereza nacho kina njia mbili zinazolingana nazo barabara. Mafuta yakiwa mtendaji, ni "the fuel has run out", bila chochote mwishoni. Watu wakiwa watendaji, ni "we have run out of fuel". Ile "of" inafanya kazi ya kile kiambishi kinachoigeuza "isha" kuwa "ishiwa". Akiiweka "of" kwenye sentensi ya mafuta, mwandishi ameishiwa mwenyewe.

Mahali pengine Kiingereza hakitofautishi kabisa. Kuamka na kuamsha zote ni "wake up", kulipuka na kulipua zote ni "blow up", na mtumbwi uliopinduka na mtumbwi uliopinduliwa na mtu wote wanachukua "turn over". Anayetafuta kiambishi cha kutendesha hatakipata. Kuwapo au kutokuwapo kwa kitu kinachotendwa ndiko kunakoamua.

Dalili: "I look forward to see you"

Hii huonekana mwishoni mwa barua nyingi za maombi ya kazi. "To" ya hapa si ile inayotangulia kitenzi. Ni kijineno, na baada yake huja jina au kitenzi kilichogeuzwa jina kwa "-ing". Jaribu kuweka jina: "I look forward to the meeting" inakubalika, kwa hiyo ni "I look forward to seeing you" na "I look forward to hearing from you". Jaribio hilo hilo linafaa kwa "get used to" na "object to".

Dalili: kwenye karatasi unaelewa, kwenye maongezi husikii kitu

Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu limejengwa hivyo. Sentensi ya Kiingereza yenye kiwakilishi katikati huweka mkazo mwishoni kabisa, na maneno yote huunganika: "pick it up" husikika kama "pikitáp", "turn it off" kama "tenitóf", na "work it out" kama "wekitáut". Msikilizaji anayesubiri maneno matatu yaliyotengana hasikii hata moja. Wakati wa kusikiliza taarifa au mahojiano kwenye redio, lenga silabi nzito ya mwisho ya kila kifungu kwanza, kisha rudi kwenye kitenzi. Mkazo ukiwa mwanzoni, kwa kawaida unachosikia ni jina: "breakdown" ni hitilafu yenyewe, "break down" ni kuharibika. Kwenye maandishi, jina huwa neno moja au huwa na kistari, na kitenzi huwa maneno mawili, jambo linalosahauliwa na watengenezaji wengi wa tovuti wanaoandika "login" pale walipotaka mtumiaji atende.

Dalili: unasikika kama barua ya serikali, au barua yako inasikika kama kijiwe

Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kifaransa, na baadaye ya Kilatini, yakakaa juu ya yale ya zamani bila kuyaondoa. Ndiyo maana kuna jozi: "put off" na "postpone", "put up with" na "tolerate", "put out" na "extinguish", "set up" na "establish". Sisi tulifundishwa upande wa pili wa jozi hizi darasani, kwa hiyo mpokea wageni wa hoteli ya Capri Point anaweza kumwambia mgeni "Kindly extinguish the light" kwa adabu kamili na bado asikike kama tangazo. Katika mazungumzo, chagua upande wa kwanza. Katika barua ya ofisi, chagua wa pili, hasa pale ambapo umeandika "get" ikifuatwa na chochote.

Lakini usifute kila kitenzi cha maneno mawili kwa kudhani vyote ni vya mtaani. "Carry out", "account for", "consist of" na "set out" ni vya maandishi rasmi kabisa. Ripoti inayosema utafiti wa samaki ulifanyika Ghuba ya Mwanza itaandika "The survey was carried out in Mwanza Gulf", na anayeibadilisha kuwa "The survey was carried" ameubeba utafiti mzima begani.